Nani anakula sahani ya nani: mapenzi na mipaka kwenye chakula cha Asia ya Kusini

Ukitaka kuelewa kwa nini chakula kina uzito mkubwa hivi kwenye familia za India, Pakistan, Bangladesh, Nepal na Sri Lanka, usianzie kwenye bizari wala biriani, anzia kwenye mate. Ndio, mate ya mdomoni. Wengi wakielezea habari hizi wanakimbilia ukarimu na viungo na mama anayekusukumia chapati ya nne wakati tumbo limeshajaa, na hayo yote ni kweli kabisa, ila ukiishia hapo hujaeleza kitu, maana mama wa kulazimisha watu kula yupo kila nchi, hata Tanga yupo.

Iko hivi. Kwenye mila za Kihindu chakula kinabeba watu. Aliyekipika, aliyekigusa, aliyekionja, kila mmoja ameacha kitu chake humo na we ukila kinaingia kwako. Chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu, au na mkono ambao ulikuwa unapeleka tonge mdomoni, watu wa kaskazini wanakiita jutha, Watamil wa kusini wanaita echil, na kikishafika hapo mtu mwingine hakili. Hii sheria ina umri mkubwa kuliko habari zote za vijidudu, kwa hiyo usidhani ni usafi wa hospitali. Kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi kwenye sufuria, anayepika chakula cha kupelekwa kwa mungu haonji hata chumvi, na chupa ya maji watu wanajimiminia kutoka juu bila midomo kugusa, panda treni ya Chennai utamkuta mtu mzima anafanya hivyo huku behewa linayumba na shati lake halipati hata tone, mi ningeshuka nimelowa mpaka soksi.

Sasa ukishaishika hiyo sheria ndo unaanza kuona mapenzi yamekaa wapi. Yamekaa pale inapovunjwa. Mama anamalizia wali alioacha mtoto kwenye sahani na hakuna anayeshangaa. Marafiki wawili wa chuo wanang'ata sambusa moja kwa zamu, na kila anayewaona anajua hawa wameshibana. Kwenye harusi na kwenye matokeo ya mtihani na mtu akipata kazi, unamlisha kipande cha mithai, yaani vitamu vyao, kwa mkono wako mwenyewe, unakiingiza mdomoni kabisa, na yeye anakumegea kilichobaki anakurudishia, na picha inapigwa hapo hapo. Kwa mgeni hilo ni tendo dogo la furaha, ila kwa mwenye mila yake ni kusema mate yako si uchafu kwangu.

Hata dini imejengwa juu ya jambo hilo. Hadithi za Rama, mwana wa mfalme ambaye Wahindu wanamwabudu, zinamtaja Shabari, bibi wa porini, watu wa tabaka lake walikuwa wanadharauliwa, alimsubiri Rama miaka na miaka, na alipokuja akampa matunda pori ambayo kila moja alishaling'ata kwanza ahakikishe ni tamu, chachu anatupa. Kwa sheria ya kawaida hiyo ni aibu kubwa, unampa mtu wa kifalme makombo? Rama akala yote. Wahindu wanaisimulia hiyo hadithi kama kilele cha mapenzi, na bila kujua sheria ya jutha huwezi kuelewa kwa nini inawatoa watu machozi. Na prasad, kile chakula cha hekaluni wanachogawiwa waumini, ni mambo hayo hayo, mungu anatangulia kula, kinachobaki ndo baraka. Kwenye hekalu la Jagannath kule Puri wanakula hicho chakula kutoka chungu kimoja watu wa matabaka yote, watu ambao nje ya geti zamani wasingepeana hata maji.

Kuna na ile ya mungu Krishna akiwa mtoto, ambayo mi naipenda kuliko zote. Mama yake mlezi, Yashoda, alikuwa anamlisha mara nane kwa siku. Siku mvua kubwa ilipokuja kuangamiza kijiji, mtoto akanyanyua mlima Govardhan kwa kidole kimoja watu na ng'ombe wakajificha chini yake, akakaa hivyo siku saba bila kula. Mvua ilipokata, badala ya kuimba sifa za muujiza, mama na majirani wakapiga hesabu ya milo iliyopotea, saba mara nane, hamsini na sita, wakapika vyakula 56 wakamwekea vyote mbele yake. Mpaka leo sikukuu ya Govardhan, siku moja baada ya Diwali, mahekalu mengi yanapanga sahani 56 mbele ya sanamu. Mtoto kabeba mlima na mama anauliza lini amekula! Ukipiga simu nyumbani kwa familia yoyote ya kule, swali la kwanza au la pili ni umekula, na ukijibu bado, mazungumzo mengine yote yanasubiri.

Ngoja tuipitie safari ya mtu kwa haraka maana kila kituo kina sahani yake. Mtoto akifika kama miezi sita anafanyiwa sherehe ya wali wa kwanza, Nepal wanaiita pasni, kwingine annaprashan, mila inasema mvulana mwezi wa shufwa yaani wa sita au wa nane, msichana witiri, wa tano au wa saba. Kule Bengal, yaani upande wa Kolkata na Bangladesh, anayemlisha kijiko cha kwanza cha wali wa maziwa na sukari mara nyingi ni mjomba, kaka wa mama, na hapo ndo ukoo wa upande wa mama unapoweka alama yake kwenye mtoto wa ukoo mwingine. Bi harusi mpya akiingia kwa wakwe kaskazini mwa India, kitu chake cha kwanza kupika jikoni kinakuwa kitamu, halua au wali wa maziwa, kila mtu anaonja na kumpa zawadi, hata kama halua yenyewe imeungua wanasifia. Bengal kuna na siku mume anamkabidhi mke sahani ya wali na nguo mpya mbele ya watu akiahidi kumlisha na kumvisha, na siku hizi mabinti wenye mishahara yao wanageuza wanamkabidhi na yeye sahani, ukumbi unacheka.

Mwanamke akishika mimba analishwa anachokitamani, akijifungua mtoto wa kwanza mila nyingi zinamrudisha kwa mama yake, na hapo kuna arobaini kama ya kwetu pwani. Punjab wanampikia panjiri, unga wa ngano unaokaangwa kwenye samli mpaka unanukia kama karanga, unatiwa lozi, sukari guru na gundi ya kulika ya miti jamii ya migunga ambayo ikigusa samli ya moto inafura kama bisi. Kinaliwa vijiko vichache kwa siku na maziwa ya moto. Wanasema ni kwa mgongo na maziwa ya mama, ila pia ni ruhusa adimu ya mwanamke kula samli nzuri peke yake bila kugawa, na kwa nini nasema adimu tutafika.

Kabla ya hapo kuna sikukuu moja ya Bengal lazima niitaje, Jamai Shashthi, inaangukia mwezi Mei au Juni. Siku hiyo mama mkwe anamwita mume wa binti yake anamlisha mpaka anashindwa kuinuka. Ni msimu wa maembe, mafenesi na litchi, na kama mfuko unaruhusu kunakuwa na samaki wa ilish, mbuzi, maziwa ya mgando matamu, na bei ya samaki sokoni Kolkata inapanda kwa sababu ya siku hiyo. Mama mkwe anampepea kwa feni ya majani ya mvumo. Ukiangalia juu juu ni mapenzi ya mkwe, lakini Shashthi ni mungu wa kike anayelinda watoto, na mama anayempepea kijana yule anamfikiria mtoto wake mwenyewe, binti aliyehamia nyumba ya watu ambayo mama hana amri nayo. Ni kama anamwambia mama wa kijana, namlisha mwanao vizuri na wewe umtunze wangu. Yaani hiyo bakuli ya mbuzi ni bima.

Na chakula kina mwelekeo. Familia nyingi za kaskazini mwa India za kizamani, baba na mama wa binti wakienda kumtembelea kwa mumewe hawali, wengine hata maji hawanywi, na wakinywa wanaacha hela kidogo, maana binti alitolewa kama zawadi na ukishatoa zawadi hurudi kuifaidi. Fikiria baba anampenda mtoto wake kufa, kaja na gunia la maembe na kopo la achari ya mama, anakaa barazani saa mbili na glasi haigusi. Kwa mtu wa nje hilo ni dharau. Kwao ni heshima, na ni maumivu pia, na mabinti wengi wa sasa wanaikataa hiyo mila waziwazi na wazazi wameanza kulegea.

Mfano ambao dunia nzima inaujua ni wa dabbawala wa Mumbai, wale wanaopelekea watu ofisini chakula kilichopikwa nyumbani kwao, ila mara nyingi unaelezwa kama habari ya ufanisi wa usafirishaji, wasomi wa biashara wanaupenda mno. Ulianza kama mwaka 1890 na Mahadeo Havaji Bachche, na kabla ya Uviko walikuwa kama wabebaji 5,000 wanaopeleka vyombo kama 200,000 kila siku ya kazi, wengi wao wanatoka vijiji vya upande wa Pune, kofia nyeupe kichwani, juu ya kila chombo wamechora rangi na herufi na namba zinazosema kimetoka stesheni gani kinashuka wapi kinapanda ghorofa ya ngapi. Chakula kinachukuliwa nyumbani asubuhi baada ya bwana kushaondoka, maana treni za asubuhi zimejaa mtu hawezi kubeba kontena la ghorofa nne kifuani, kinafika ofisini kabla ya saa saba mchana, halafu chombo kitupu kinarudi nyumbani kwa njia ile ile.

Swali ambalo watu wa ufanisi hawaulizi ni kwa nini mtu asile tu hotelini kama sisi tunavyokula kwa mama ntilie. Bei ni sababu, kweli, ila jiji lile lilijaa Wagujarati wasiokula nyama, Wamarathi, Waparsi, Waislamu, Wajaini, na kila mmoja alitaka chakula cha jiko analolijua, mikono anayoijua, maji anayoyajua. Turudi kwenye mate na mikono, unaona? Na kile chombo kinachorudi jioni ndo kipo kwenye moyo wa jambo lenyewe. Mke anakifungua pale sinki. Ghorofa ya chini wali umeisha, dengu zimeisha, mboga ya bamia imebaki nusu. Hakuna aliyesema neno ila kesho bamia hazipikwi, au zinapikwa tena kwa makusudi, inategemea jana usiku walilalaje. Miaka mingi ya ndoa za watu wasiozoea kusemeshana mambo ya moyo imepita ndani ya hayo mabati. Sio vyombo vyote vinatoka kwa mke siku hizi, vingine vinatoka kwa wapishi wa kulipwa, na tangu Uviko kazi imepungua sana, watu wanafanyia kazi nyumbani na vijana wanaagiza kwa simu.

Haya, samli. Nilisema adimu kwa sababu kwenye nyumba nyingi za kule aliyepika ndo anakula mwisho. Wanaume kwanza, watoto, kisha mama mkwe, mwisho kabisa mke wa kijana na kilichobaki, na kipande kizuri cha samaki na kichwa chake vilishaenda. Zamani ilikuwa kawaida mke kula kwenye sahani ile ile aliyotoka kula mume, na hapo sheria ya jutha inaonyesha sura zake mbili kwa pamoja, ni ukaribu ambao mwingine haruhusiwi na ni cheo pia, maana mume hakuwahi kula makombo ya mke. Wanaosema ni mapenzi hawadanganyi, wanaosema ni kukandamizwa nao hawadanganyi. Ila mi nikiambiwa nichague, mapenzi ambayo upande mmoja tu ndo unabaki na njaa nayatilia mashaka.

Mjane ndo alionja ukali wake. Kwa Wahindu wa tabaka za juu Bengal, mume akifa mke aliondolewa samaki, nyama, mayai, vitunguu, vitunguu saumu na hata dengu nyekundu, eti vinachemsha damu. Wali mara moja kwa siku, na siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo anafunga, wengine bila maji. Na kumbuka wakati huo watoto wanaozeshwa, kwa hiyo mjane anaweza kuwa wa miaka kumi na mbili na hiyo ndo menyu yake mpaka kaburini, wenyewe wanachoma, basi mpaka kwenye kuni. Sheria ya kuruhusu wajane kuolewa tena ilipitishwa 1856 baada ya msomi wa Bengal, Ishwar Chandra Vidyasagar, kupigania, ila sheria ya jikoni haikusoma gazeti la serikali. Wale wanawake wakapika na walichoachiwa. Ua la mgomba lililochambuliwa petali kwa petali, maganda ya mboga yaliyokaangwa na haradali, posto, yaani vile vimbegu vya mmea wa afyuni vilivyosagwa mpaka vinakuwa laini kama krimu, vidonge vya dengu vilivyoanikwa juani. Sehemu kubwa ya mapishi ya mboga ambayo Wabengali wanajivunia leo, hotelini unalipa hela ndefu, yalitoka kwenye yale majiko ya pembeni. Na familia nyingi zinasimulia kwamba watoto wa nyumba walikuwa wanakimbilia huko kwa bibi mjane, wanaacha samaki mezani, maana mkono wake ulikuwa mtamu zaidi. Alinyimwa chakula akalisha watoto wa watu kwa kile kidogo alichoachiwa, na mi sijui hilo uliite mapenzi au uliite wizi uliofanyiwa mtu, labda yote.

Nje ya familia ile sheria ikawa ukuta. Kama mate na mkono vinabeba mtu, basi mtu wa tabaka la chini akigusa maji yako umechafuka. B. R. Ambedkar, aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India, akiwa mtoto shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji, tarishi alikuwa anammiminia kutoka juu, na tarishi asipokuja siku hiyo mtoto anashinda na kiu. Machi 1927 akaongoza maelfu ya watu mpaka bwawa la Chavdar mjini Mahad, akainama akanywa maji, wote wakanywa, na watu wa tabaka za juu wakaja baadaye kulifanyia bwawa ibada ya kulisafisha. Miaka kumi nyuma, 1917, kijana wa Kerala anaitwa Ayyappan aliandaa mlo Cherai akawakalisha watu wa jamii yake ya Waezhava na Wapulaya waliokuwa wanawaita najisi, wakala pamoja. Wenye hasira wakambandika jina la Pulayan Ayyappan ili kumtukana, yeye akalibeba kwa fahari. Mlo tu. Katiba ilifuta ubaguzi huo 1950, ila mpaka leo kuna nyumba za mjini zenye kikombe cha pembeni cha dada wa kazi, na nyumba hizo hizo zitakulisha wewe mgeni mpaka uombe msamaha.

Ndo maana watu wengine wa kule walijenga dini na jumuiya zao kuanzia kwenye mlo. Masingasinga wana langar, jiko la bure kwenye kila hekalu, mila inaanzia kwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, karne ya 15 na 16, na Guru Amar Das, kiongozi wao wa tatu, akaweka sharti kwamba anayetaka kumwona akae kwanza chini mstarini ale na wenzake. Kule Amritsar wanalisha makumi ya maelfu kila siku, tajiri na fukara goti kwa goti, chapati unapokea kwa mikono miwili. Mabohora nao, ambao Dar, Zanzibar na Mombasa tunao miaka mingi, wanakula sinia moja kubwa watu kama wanane, wanaanza na chumvi kidogo kwenye ulimi, halafu kitamu, halafu cha chumvi, halafu kitamu tena, na hakuna kuondoka mpaka sinia limeisha. Kwa mtu wa pwani hili halihitaji maelezo marefu, sisi wenyewe tumekulia sinia. Ila ukikumbuka ni jamii iliyotoka Gujarat, katikati ya majirani ambao hata glasi wananywa kwa kumimina, ndo unaona mikono minane kwenye wali mmoja ilikuwa inatangaza nini.

Kwa wanaoishi na majirani wa Kihindi, mambo mawili matatu ya vitendo. Ukikaribishwa ukakataa mara ya kwanza watadhani unaona haya, kwa hiyo kama umeshiba kweli funika sahani kwa kiganja, hiyo inaeleweka. Usichote kwenye bakuli la wote kwa kijiko ulicholia. Usijisikie vibaya mama wa nyumba asipokula na wewe, kaa ukijua anakuhudumia, ila kumwambia mama kaa tule wote hakujawahi kuharibu kitu. Na Diwali wakikuletea sahani ya mithai, barfi, ladu, vile vya maziwa na iliki, chombo hakirudi tupu, hapo tuko sawa kabisa na mila ya pwani ya bakuli la futari. Weka maembe, nazi, tende, hata sukari. Nyama usithubutu kabla hujauliza, mayai pia, na kama ni Wajaini, ambao Nairobi na Mombasa wapo wengi, uliza mpaka kwenye kachori zako, maana hawali kinachong'olewa ardhini, na kiazi kimo.